Popo darini Tanga: nimlipe fundi wa dawa, wa moshi au wa kuziba matundu?

Chumbageni_Juu (mwanzisha mada)

Wakuu, habari zenu.

Nyumba iko Tanga mjini, ya chini, mita 12 kwa 10, bati la msauzi (lile la migongo mikubwa), dari la jipsamu ndani na la mbao barazani. Popo wamo darini upande wa magharibi. Mavi meusi kama punje za mchele yanadondoka ukutani chini ya pembe ya paa, harufu ya mkojo inapanda mchana jua likikaza, na jipsamu ya chumba kimoja imeanza kuota doa la kahawia.

Mafundi watatu wameleta bei. Wa kwanza anapuliza dawa siku moja tu na analipwa papo hapo. Wa pili anafukiza kwa pilipili na salfa, naye ndiye rahisi kuliko wote. Wa tatu hana dawa kabisa. Anasema ataziba matundu na kuweka "milango ya kutokea", kazi ya wiki mbili, na bei yake ni karibu mara tatu ya yule wa kwanza. Sitaki kazi hii irudiwe kila mwaka. Nimchukue yupi, na nimuulize nini kabla sijatoa pesa?

---

Kenchi_na_Papi

Mkuu, mchukue wa tatu, lakini mhoji kwanza, maana "kuziba matundu" kila mtu anaweza kusema.

Kabla ya yote hakikisha ni popo kweli. Chukua punje moja kwa kijiti, isiwe kwa kidole, uibonyeze kwenye karatasi. Mavi ya popo mla wadudu yanasagika kama unga na ndani kuna vipande vinavyometa, ni magamba na mabawa ya wadudu. Ya panya ni magumu na hayasagiki hivyo. Tofauti nyingine ni kwamba ya popo hulundikana sehemu moja chini ya tundu, ya panya husambaa njiani anapopita. Ukiona madoa ya majimaji yenye mbegu, huyo ni popo wa matunda na habari yake ni nyingine.

Kwenye mapaa ya bati huku kwetu wengi ni wale wadogo wenye mkia unaochomoza nje ya ngozi, kitaalamu *Mops condylurus* na *Chaerephon pumilus*. Wanapenda joto. Chini ya bati mchana joto hupita nyuzi 40 na wao wanatulia tu, ndiyo maana wako upande wako wa magharibi unaopigwa na jua la alasiri. Kwa hiyo ukiambiwa "washa taa darini watahama" au "toboa vipenyo vya hewa, joto likipungua wataondoka", usitegemee.

Sasa dawa. Dawa anazobeba mpulizaji ni za mende, kunguni na mchwa. Kwa popo zinafanya moja kati ya mawili: ama zinamkera anasogea mita tatu kwenye kona nyingine ya paa hilohilo, ama zinamlevya anaanguka. Akiangukia juu ya jipsamu anaoza hapo, unapata harufu na nzi wiki mbili. Akiangukia barazani mtoto anamwokota. Na tundu bado liko wazi, kwa hiyo hata wakihama wote, harufu ya kundi itawaleta wengine. Huyo anauza kazi inayojirudia, ndiyo maana bei yake ni nafuu.

Moshi wa salfa juu ya kenchi za mbao kavu sina haja ya kuueleza. Umelipa kidogo, umewasha jiko darini kwako.

Kazi halali inakwenda hivi. Jioni mbili za mwanzo fundi hapandi hata ngazi. Watu wawili wanasimama kwenye kona mbili zinazokabiliana, kila mmoja anaona kuta mbili, kuanzia saa kumi na mbili na robo hadi saa moja na nusu. Wanaandika popo wanatokea wapi na takribani wangapi kila tundu. Asubuhi ndipo anapanda na tochi kutafuta matundu mengine ambayo hayakutumika jioni ile: chini ya mawimbi ya bati kwenye ukuta, kwenye ncha za kofia ya bati (bati linalofunika kilele cha paa), nyuma ya fishabodi (ubao wa ukingo wa paa) iliyopinda, kwenye kona za paa, penye bomba la hewa la choo. Popo hatafuni mbao wala hatoboi ukuta kama panya, anatumia nafasi iliyopo. Kipimo cha mtaani ni penseli: pakiingia penseli, pazibwe.

Halafu anaziba yote isipokuwa yale makuu mawili hadi manne wanayotokea. Hapo ndipo mlango wa kutokea unawekwa. Tundu la duara au kona: kipande cha bomba la PVC la inchi 2, urefu sentimita 25 hivi, kinaelekezwa chini na kinaingia ndani ya tundu kidogo tu, nusu sentimita. Kikizama sana ndani popo hawaoni mdomo wake na hawatoki. Bomba liwe laini ndani, lisikwaruzwe na msasa, na mwisho wake lifungwe mfuko mwembamba wa plastiki uliokatwa chini, unaojilaza ukiwa mtupu. Popo anateleza, anadondoka, anaruka. Akirudi hawezi kupanda plastiki inayoteleza.

Kwa mwanya mrefu chini ya bati, bomba halifai. Panatumika wavu mwepesi wa plastiki wenye matundu yasiyozidi milimita 4. Unafungwa juu na pembeni, chini unaachwa wazi, na unashuka sentimita 60 chini ya mwanya. Popo akitoka anatambaa chini ya wavu hadi ukingoni. Akirudi analenga tundu lake la zamani kwa harufu, anagonga wavu, hafikirii kuzunguka chini. Tanga usikubali nyavu za kuvulia samaki hata akikuambia ni zilezile. Matundu yake ni makubwa, popo wananasa na kufa wakining'inia mbele ya dirisha lako.

Jambo moja mafundi hulisahau: popo hawa hawapai kutoka walipokaa, wanadondoka kwanza ndipo mabawa yanashika hewa. Chini ya mlango kusiwe na paa la kibanda, gata wala matawi.

Milango inakaa usiku saba usiopungua. Usiku wa mvua kubwa hauhesabiwi, maana hawatoki kula. Zikipita jioni mbili mfululizo hajatoka hata mmoja, asubuhi yake mabomba yanatolewa na matundu ya mwisho yanazibwa.

---

baba_wa_wawili

Mnamzungusha bure jamaa. Naftalini pakiti mbili tatu darini, mchezo umekwisha. Au wale wa vifaa vya sauti, unachomeka kwenye umeme.

---

Kenchi_na_Papi

@baba_wa_wawili naftalini inafukuza pale tu hewa yote ya dari inapojaa mvuke wake, na kwa dari la nyumba nzima hizo ni kilo kadhaa, si pakiti mbili. Mvuke ule ni mzito kuliko hewa, unashukia vyumbani kupitia tundu za taa. Wenye kuuvuta usiku kucha ni waliolala chini, na kwa watoto wenye upungufu wa G6PD (kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu) unavunja chembe hizo. Ikiisha kuyeyuka, popo wanarudi. Vifaa vya sauti havijaonyesha kuwaondoa.

---

Msitu_wa_Magoroto

Nyongeza upande wa wanyama wenyewe, na hapa ndipo fundi wa tatu apimwe.

Muulize: "Ukikuta vichanga utafanyaje?" Akikujibu kwamba huku hakuna haja ya kuangalia vichanga, au hajui unaongea nini, mwache. Popo hawa katika ukanda wetu hawana msimu mmoja wa kuzaa kama wa Ulaya. Wanaweza kuzaa zaidi ya mara moja kwa mwaka, hasa mvua zinapoleta wadudu wengi. Kwa hiyo kanuni za kwenye video za Marekani, eti usifanye kazi kati ya Mei na Agosti, hapa hazina maana. Hapa unakagua, hutazami kalenda.

Ukaguzi unafanywa saa mbili usiku, wakubwa wakiwa wametoka. Mtu mmoja anapanda kwa tundu la darini akiwa na tochi iliyofunikwa karatasi nyekundu, anakaa kimya dakika chache. Vichanga vinalia kwa sauti nyembamba na hukaa vimesongamana, vingine bado vya waridi bila manyoya. Vikiwepo, kazi inaahirishwa. Huchukua kama wiki tano hadi sita kuanza kuruka. Mpe wiki nane kwa usalama, kisha kagua upya.

Huu si upole tu. Ukiweka mlango wa kutokea wakati mama yuko nje na kichanga ndani, mama atahangaika ukutani usiku kucha akitafuta mwanya wowote, ikiwemo madirisha yako. Vichanga vitatambaa kufuata hewa na kuangukia vyumbani kupitia tundu za taa, na vitakavyobaki vitaoza. Nyumba nyingi zinazosemekana "zilizibwa popo wakahamia vyumbani" zilizibwa kwa mtindo huo.

Na kuziba mchana popo wakiwa ndani ni kosa hilohilo kwa ukubwa wake. Kama fundi anataka kumaliza kazi nzima kwa siku moja kuanzia asubuhi, ujue anawafungia.

Kuhusu sheria: fundi wa paa hapaswi kukamata mnyamapori na kumhamisha kwa gunia, na kwa popo hakuna haja, wanatoka wenyewe. Ila kama mna kima wanaoingia jikoni, chatu, kenge mkubwa au nyani, hilo si la fundi yeyote. Ni afisa wanyamapori wa halmashauri au TAWA, mamlaka ya wanyamapori ya Tanzania. Kwa upande wa Kenya ni KWS, shirika la wanyamapori la huko.

Mtego mwingine ni kampuni inayojiita ya kudhibiti wadudu. Kwa Tanzania anayepuliza viuatilifu kibiashara anatakiwa awe na kibali cha TPHPA (mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu), Kenya ni PCPB (bodi ya viuatilifu ya huko). Omba kukiona kibali. Pia uombe jina la dawa na lebo yake, usome imesajiliwa kwa matumizi gani. Hutakuta popo kwenye lebo, na hapo umeshapata jibu kuhusu fundi wako wa kwanza.

---

Chumbageni_Juu

Ahsanteni sana wakuu, nimeelewa kuliko nilivyotarajia. Maswali mawili yamebaki. Bati langu ni la msauzi, migongo mikubwa, na nyumba nzima imezungukwa na mianya chini ya migongo hiyo. Zinazibwa na nini, na vifaa kiasi gani, nisije nikadanganywa? Pili, malipo na dhamana tupange vipi?

---

Kenchi_na_Papi

Hapo ndipo kazi nyingi zinapoharibikia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Bati la migongo midogo lina kina cha milimita 18 hivi, na hapo tu popo anapita bila kujikunja. Msauzi mgongo wake ni mkubwa zaidi, kwa hiyo kila mgongo unaoishia ukutani bila kizibo ni mlango. Nyumba yako ina mzunguko wa mita 44, ukihesabu ukingo wa ukuta tu. Fundi akikwambia ataziba "pale wanapotokea", amekuuzia wiki moja ya amani. Watahamia mgongo wa pili.

Mafundi wengi hukimbilia zege la saruji, wanajaza chini ya migongo juu ya ukuta. Linapendeza siku ya kwanza. Lakini bati la mita 6 likipanda joto kwa nyuzi 40 linarefuka kama milimita 3, jioni linarudi, kila siku. Saruji haisogei. Baada ya miezi michache inapasuka, inaachana na bati, na mwanya umerudi ukiwa umefichwa na kipande cha saruji kinachoning'inia.

Povu la kupulizia ni rahisi na linajaa vizuri, ila jua linalila: linageuka njano, linakuwa unga. Na kama una panya, wanalitafuna. Litumike ndani tu ambako jua halifiki, au mbele yake uwekwe wavu wa waya.

Kinachodumu ni wavu wa waya wa mabati wenye matundu ya robo inchi, unakatwa vipande vya upana wa sentimita 15, unakunjwa kufuata umbo la migongo, unapigwa skrubu na washa kwenye mbao ya juu ya ukuta, wala haubanwi kwenye bati lenyewe, ili bati liendelee kusogea. Wavu wa kuku haufai, popo anapita kwenye tundu lake akiwa amekunja mabawa. Hesabu yake ni hii: roli la upana wa sentimita 90 linatoa vipande sita vya sentimita 15. Mita 44 gawanya kwa 6 ni mita 7 na ushei. Ongeza kwa kukunja na kupishanisha, nunua mita 10. Akikuandikia mita 30, muulize nyingine anajengea banda gani.

Kofia ya bati juu nayo ni mita 12 pande zote mbili, na ncha zake mbili ndizo zinazosahaulika kuliko sehemu yoyote. Pale wavu hauingii vizuri, panatumika kizibo cha sponji kilichokatwa kwa umbo la bati. Vinauzwa na wauza mabati wenyewe, ukitaja aina ya bati lako. Hakikisha ni aina hiyohiyo, maana maumbo ya bati kama IT4 na IT5 hayalingani.

Nyufa ndogo za ukutani na kwenye fishabodi: silikoni. Tyubu ya mililita 300 ukikamua unene wa milimita 6 inakupa kama mita 10. Kwa nyumba yako tyubu nne hadi sita zinatosha, kutegemea nyufa. Angalia aina. Silikoni inayonuka siki ikigusana na bati la zinki inaanza kulila, utaona poda nyeupe kisha kutu. Nunua isiyo ya asidi, kwenye tyubu huandikwa kwamba inafaa kwa metali.

Kazi ya darini ifanywe kuanzia alfajiri hadi saa nne asubuhi. Baada ya hapo joto litamtoa mtu, na mtu aliyechoka joto anakanyaga jipsamu badala ya kenchi. Andika kwenye makubaliano nani analipa jipsamu iliyokanyagwa.

Malipo: usitoe zaidi ya theluthi ya kuanzia pamoja na vifaa. Theluthi ya pili wakati kila kitu kimezibwa na milango ya kutokea imefungwa, umeona mwenyewe kwa macho. Iliyobaki igawanye mara mbili: nusu siku mabomba yanapotolewa, nusu baada ya siku 30. Dhamana isomeke hivi: "popo wakionekana kuingia au kutoka kwenye paa ndani ya miezi 12, fundi anarudi kuziba bila malipo ya ufundi". Iandikwe *kuingia au kutoka kwenye paa*. Ukiandika tu "popo wakirudi" mtabishana, maana wiki za mwanzo watazunguka nyumba kila alfajiri wakitafuta mlango, na hiyo si kazi mbovu. Mtu wa dawa hawezi kusaini sentensi hiyo, ndiyo faida yake nyingine.

Bei kutolewa kwa simu bila kuona paa, kataa. Bei hapa inapangwa na mzunguko wa paa, urefu wa ukuta na idadi ya kona. Idadi ya popo haiongezi wala kupunguza.

---

Nesi_Pongwe

Naongeza upande wa afya, maana mnazungumzia kupanda darini kama kupanda ghalani.

Mavi yaliyokauka yanaweza kuota ukungu unaosababisha ugonjwa wa mapafu, histoplasmosisi. Hatari iko kwenye vumbi, kwa hiyo kosa kubwa ni kupanda na ufagio. Usifagie makavu, wala usitumie mashine ya kufyonza vumbi ya nyumbani, inapuliza chembe upande wa pili. Nyunyizia maji yenye sabuni kidogo kwa bomba la mgongoni, acha yalowe dakika kumi, kusanya kwa koleo la plastiki, tia kwenye mifuko miwili, funga. Barakoa iwe N95 au FFP2. Ile ya bluu ya hospitali haizuii vumbi hili. Glovu za mpira, miwani inayofunga pembeni, nguo za mikono mirefu zinazofuliwa peke yake.

Halafu jambo ambalo hata wanaojitangaza ni wataalamu hulikosea: usimwage jiki juu ya lundo la mavi na mkojo. Mkojo uliokaa una amonia, ikikutana na klorini inatoa hewa inayounguza mapafu, na darini hakuna upepo. Toa uchafu wote kwanza kwa maji na sabuni, fungua tundu la darini na madirisha, siku ya pili ndipo mbao zifutwe kwa jiki sehemu moja kwa maji sehemu tisa. Jipsamu iliyolowa mkojo haisafishiki, ikatwe ibadilishwe. Kupaka rangi juu ya doa ni kupoteza rangi, litachomoza tena.

Kuhusu kung'atwa. Popo aliye sakafuni mchana mara nyingi ni mgonjwa au kichanga, asishikwe mkono mtupu. Mfunike kwa boksi, pitisha kadibodi chini, mtoe nje. Mtu akiumwa au kuparuzwa, hata kama alama ni ndogo kama ya sindano: osha kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, kisha kituo cha afya siku hiyohiyo kwa chanjo ya kichaa cha mbwa. Usisubiri dalili. Dalili zikianza, hakuna tiba. Mwaka 2007 mtalii kutoka Uholanzi aliparuzwa usoni na popo kambini Tsavo Magharibi. Kidonda kilikuwa kidogo, chanjo hakupewa, na akafariki Desemba mwaka huohuo. Virusi vilikuwa Duvenhage, vya ukoo mmoja na vya kichaa cha mbwa. Mtoto mdogo akikutwa amelala chumbani na popo ndani, mhesabu kama aliyeumwa, kwa sababu hawezi kusema.

Kwa fundi, muulize kama vijana wake wana glovu nene na kama wanajua hilo la dakika 15. Wenye chanjo ya kinga ya kichaa cha mbwa ni wachache, ila ukimpata mwenye nayo huyo anajua kazi yake.

Watu hutishana sana pia na Ebola. Ni kweli *Mops condylurus* na *Chaerephon pumilus* ndio waliokutwa na virusi vya Bombali, vya jamii ya Ebola, Sierra Leone, taarifa zikatoka 2018, na baadaye vikaonekana kwa *Mops condylurus* Kenya. Mtu aliyeugua kwa virusi hivyo hajajulikana. Sababu ya kutokula wala kushika popo inatosha bila kuzua hofu mtaani, maana hofu hiyo ndiyo inayowauzia watu dawa za kupuliza.

---

Mwambao_Kilifi

Ndugu zangu, hayo ya bati yamekaa sawa. Kwa wenye makuti, hasa mabanda ya wageni huku pwani, msiige wavu wa robo inchi kuzunguka ukingo, makuti hayana ukingo wa kuzibika. Wanaokaa chini ya makuti barazani mara nyingi ni popo wa matunda, wenye uso kama wa mbwa, wachache, wananing'inia wazi na kuchafua meza kwa mbegu na majimaji. Hao hawaingii darini. Wanakuja kwa matunda, kama kungu na mapera. Kinachosaidia ni kuhamisha meza, au kufunga wavu wa kubana kabisa chini ya dari la makuti, uliokazwa kama ngoma. Ukilegea wanajinasa. Ufungwe usiku wakiwa wametoka.

Na wa Pemba wajue kwamba yule popo mkubwa wa kisiwani, anayeonekana Kidike, hayupo pengine popote duniani. Akilala kwenye mwembe wako usimlipe mtu yeyote kumfukuza, ongea na watu wa misitu.

---

Chumbageni_Juu

Nimewaelewa wote. Fundi wa tatu anakuja Jumamosi jioni kutazama, nami nitasimama kona ya pili. Moja la mwisho: maji ya mvua ya paa hili yanaingia kwenye tenki la lita 5,000 tunalotumia jikoni. Kuna la kufanya?

---

Kenchi_na_Papi

Lipo, na lifanywe kabla fundi hajagusa paa. Bomba linaloshuka kutoka kwenye gata litenganishwe na tenki siku ya kwanza, limwage chini kipindi chote cha kazi. Popo wanaotokea kwenye kofia ya bati wanaacha mavi juu ya bati na ndani ya gata. Fundi akipanda na kushuka, na ukichanganya na vumbi la kukata mabati, yote yanakwenda tenkini mvua ikinyesha.

Kazi ikiisha, osha bati na gata kwa maji na brashi, bila jiki, na acha mvua mbili nzuri zimwagike chini kabla ya kurudisha bomba. Tenki lenyewe lifunguliwe, likaushwe, litolewe matope ya chini, lisuguliwe. Unaporudisha bomba weka kipande cha kutupa maji ya mwanzo: bomba la wima lenye kifuniko cha kufungulia chini, linalojaa kwanza ndipo maji yaende tenkini. Kwa paa lako la mita za mraba 120, ukitaka kutupa nusu milimita ya mwanzo ya mvua, hiyo ni lita 60. Bomba la inchi 4 linabeba kama lita 8 kwa mita, kwa hiyo halitoshi peke yake, tumia pipa. Mdomo wa tenki ufungwe wavu wa mbu, na maji ya kunywa yachemshwe.